Nyoka Mwenye Miguu: Kuusoma Mfarishi wa Mama Harriet Powers

Mfarishi ni blanketi la viraka: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati, na mishono inayopita katika tabaka zote ili zisiachane. Neno lenyewe linajulikana zaidi pwani. Huku bara wengi wetu tunasema tu blanketi la viraka. Katika makumbusho ya Smithsonian, jijini Washington, Marekani, umehifadhiwa mfarishi mmoja wenye upana wa karibu mita 1.9 kwa mita 2.3, ulioshonwa kati ya mwaka 1885 na 1886 na mama mmoja wa jimbo la Georgia, aliyezaliwa mtumwa. Jina lake ni Harriet Powers. Juu ya mfarishi huo kuna picha 11, na zote ni za Biblia.

Katika insha hii nautendea mfarishi huo kama ninavyotendea kitabu cha ufafanuzi wa Maandiko: nausoma, nauuliza maswali, na pale ninapoona wasomaji walionitangulia wamekosea nasema hivyo. Najua wapo watakaouliza inakuwaje mchungaji, tena anayefundisha katika chuo cha theolojia, atumie kurasa za kitabu cha imani kuzungumzia blanketi. Jibu langu ni fupi. Mama huyu alihubiri. Kwa muda mrefu watu wameusifu ushoni wake, wameuhesabia bei, wameuweka katika sanduku la kioo, na mara chache sana wameuliza anasema nini juu ya Mungu.

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens. Uhuru ulipokuja mwaka 1865 alikuwa na miaka 27, ameolewa na Armstead Powers, na ana watoto. Baadaye wakawa na kishamba chao. Mfarishi wake ulionekana hadharani mwaka 1886 katika maonyesho ya pamba ya Athens, na hapo, ndugu msomaji, tusipite haraka. Pamba ndiyo iliyofanya watu weusi wa Georgia wauzwe na kununuliwa. Walioilima, kuipalilia na kuichuma kwa vidole vilivyochubuka hawakuwa na haki hata ya kumiliki shati la pamba walilovaa. Sasa mmoja wao anaingia katika maonyesho ya zao hilo akiwa na kazi ya mikono yake, kazi ya pamba tupu, na juu yake ameandika Neno la Mungu kwa sindano. Sijui mahubiri mengi yaliyopata mimbari kama hiyo.

Namna aliyoshona ni kukata maumbo ya watu, wanyama, nyota na misalaba katika vitambaa vya rangi, kisha kuyashonea juu ya kitambaa cha chini. Sehemu nyingine kwa mkono, nyingine kwa cherehani. Maumbo hayana macho wala pua. Mtu ni kivuli chenye mikono na miguu, na humjua kwa jinsi alivyosimama na kwa aliye karibu naye. Ni lugha ya maneno machache, na mwenye maneno machache huyachagua.

Picha ya kwanza ni bustani ya Edeni. Adamu na Hawa wapo, wanyama wapo, na nyoka yupo akimnong'oneza Hawa. Mtu aliyeandika maelezo ya kwanza ya mfarishi huu, mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith, aligundua jambo lililomchekesha: kati ya wanyama wote pale, aliyeonyeshwa na miguu ni yule mmoja tu asiye na miguu. Mwalimu Smith aliliandika kama kichekesho cha fundi asiye na shule. Mimi nafungua Mwanzo 3:14. Pale ndipo nyoka anapohukumiwa kwenda kwa tumbo. Hukumu hiyo haijatoka bado katika picha ya kwanza. Dhambi ndiyo kwanza inanong'onwa. Kwa hiyo nyoka wa Mama Harriet ana miguu kwa sababu katika aya hiyo ya Biblia anayo bado. Wapo waalimu wa kiyahudi na wa kikristo wa zamani waliosema hivyo hivyo katika vitabu vizito. Mama huyu alilisema kwa vipande vidogo vya kitambaa, na akachekwa.

Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo linalobeba kila kitu kinachofuata. Ukimkuta mtu asiye na cheo amefanya jambo la ajabu katika kueleza Maandiko, unazo njia mbili. Waweza kudhani hajui. Au waweza kurudi kwenye aya yenyewe na kutazama kama yeye hakuisoma vizuri kuliko wewe.

Nilipoanza kuuchunguza mfarishi huu katika picha zilizochapwa, nilimtafuta Musa. Mtu aliyezaliwa mtumwa, akawekwa huru akiwa mtu mzima, atahubiri nini kama si Kutoka? Nilitazamia Farao, bahari iliyogawanyika, magari ya vita chini ya maji. Hayapo. Katika picha 11 hakuna hata moja ya Kutoka. Badala yake, picha 2 nzima amepewa Kaini: katika moja anamwua Habili na damu inatiririka juu ya nchi, na katika nyingine anakwenda nchi ya Nodi kutafuta mke, katikati ya wanyama wakali. Kuna nyoka, kuna Shetani kati ya nyota 7, kuna Kaini mara mbili, kuna Yuda na vipande vyake 30 vya fedha. Zihesabu mwenyewe. Karibu nusu ya mfarishi ni habari ya usaliti, na Kaini alimsaliti ndugu wa tumbo moja.

Hapa mfafanuzi wetu anatupeleka mahali ambapo hatukutazamia kwenda. Kutoka ni habari ya adui wa nje: Farao si ndugu yetu, na akizama tunaimba. Kaini ni ndugu. Mama Harriet aliishi Georgia katika miaka ambayo waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa walisoma Biblia moja, wakabatizwa kwa jina moja, na waliimba nyimbo zile zile katika makanisa yaliyotengana. Katika nchi ya namna hiyo, swali linalouma ni lile la Mwanzo 4:9, ambapo Mungu anauliza Habili yuko wapi. Naona alichagua Kaini kwa makusudi. Na kama nimemsoma sawasawa, hakuwa mpole hata kidogo katika mahubiri yake, ingawa waliotazama rangi nzuri hawakuona.

Kisha Yakobo amelala chini, malaika yuko kwenye ngazi. Mwalimu Smith aliandika kwamba malaika ana mwonekano wa kimtindo. Tuendelee.

Ubatizo wa Kristo una Roho Mtakatifu anayeshuka kama ndege, na mwalimu akaona anafanana zaidi na popo. Kwenye msalaba, jua na mwezi vinaning'inia kama mipira mikubwa ya kitambaa chekundu na cheusi: giza la Mathayo 27:45, na mwezi unaogeuka damu, ambao Mathayo hausemi, huo ni wa Yoeli 2:31, na Petro anaurudia siku ya Pentekoste. Kumbe mama amesoma Ijumaa Kuu kwa miwani ya Pentekoste. Kwa muda mrefu wengi walidhani hakujua kusoma, lakini barua yake ya mwaka 1896, iliyopatikana baadaye, inaonyesha kwamba alijua, na kwamba alikuwa ameshona mifarishi mingine pia.

Katika Karamu ya Bwana wanafunzi wamepungua 5. Sitatafuta siri katika namba hiyo. Nafasi iliisha, au kitambaa. Lakini tazama mavazi. Wote wamevaa kitambaa cheupe chenye madoa, isipokuwa Yuda, ambaye nguo yake ni ya rangi ya udongo. Anatambulika mara moja. Na bado ameketi mezani. Tunaobishana kila mara juu ya nani astahili kuikaribia meza ya Bwana tungefanya vizuri kukaa na picha hiyo kidogo: Mama Harriet hakumficha Yuda, hakumwosha, na hakumwondoa.

Picha ya mwisho ni Familia Takatifu, Yusufu na Mariamu na mtoto, chini ya nyota ya Bethlehemu. Mfuatano huu ni wa ajabu, kwa maana msalaba umeshapita, Yuda ameshapokea fedha, karamu imekwisha, ndipo tunafika kwenye hori. Mtu angesema amechanganya. Lakini katika picha ya mtoto kuna misalaba, na mwenyewe alieleza kwamba ni ile aliyopaswa kuibeba. Anataka tumtazame mtoto tukiwa tumeshajua yote. Mwalimu yeyote wa mahubiri angejivunia mpango huo.

Musa alikuja baadaye. Karibu miaka 10 baada ya mfarishi wa kwanza, Mama Harriet alishona mwingine, wenye picha 15 katika mistari 3 ya picha 5 5. Huo uko Museum of Fine Arts ya mji wa Boston. Humo yupo Ayubu akiwaombea adui zake, yupo Yona, wamo malaika wa hasira wenye vitasa 7. Zimo pia siku ambazo wazee walizisimulia kabla yeye hajazaliwa: giza la mchana la tarehe 19 Mei 1780, lililotokana na moshi wa misitu iliyoungua, na usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vilipomiminika hata watu wakadhani mwisho umefika. Mkono wa Mungu ulizizuia nyota, alieleza. Na Musa yumo. Lakini tena si Musa wa Bahari ya Shamu. Ni Musa wa Hesabu 21, anayemwinua nyoka wa shaba jangwani ili walioumwa watazame wapone.

Weka mifarishi miwili pamoja na utaona nyoka akisafiri: katika wa kwanza ana miguu na ananong'ona, katika wa pili ameinuliwa juu ya mti na ni dawa. Yohana 3:14 inamfunga nyoka huyo na msalaba. Sisi Walutheri tunapenda kusema juu ya theolojia ya msalaba, tukikumbuka Heidelberg na mwaka 1518, na tunaitahini. Mama huyu hakuhitaji kusikia habari za Heidelberg. Alijua kwamba kilichouma ndicho kinachoinuliwa, na kwamba wokovu hauji kwa adui kuzama peke yake.

Wapo wanaousoma mfarishi kwa njia nyingine. Mtaalamu Gladys-Marie Fry aliandika juu ya kufanana kwa maumbo haya na vitambaa vya picha vya Abomey, katika ufalme wa kale wa Dahomey, ambao leo ni Benin. Kufanana kupo, na Mwafrika anayetazama hawezi kutoguswa. Ila nasikitika pale wasomaji wengine wanapofika Abomey na kusahau kurudi. Mama Harriet mwenyewe alitaja kila picha kwa jina, na majina aliyotaja yanatoka Mwanzo, Mathayo na Ufunuo. Mikono yaweza kukumbuka Afrika huku kinywa kikikiri Kristo. Kwetu hilo si fumbo. Ipo pia habari iliyoenea sana kwamba mifarishi ya watumwa ilikuwa na alama za siri za kuwaonyesha watoro njia. Wanahistoria wengi wameikataa kwa kukosa ushahidi. Watu hupenda siri. Ungamo lililotundikwa hadharani katika maonyesho ya wilaya halina wateja wengi.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza, nalo ni jinsi mfarishi ulivyotoka nyumbani.

Mwalimu Smith aliuona mwaka 1886 na kutaka kuununua. Mama Harriet alikataa. Hauuzwi kwa bei yoyote. Miaka kama 4 baadaye maisha yalipokuwa magumu alituma habari kwamba yuko tayari, na safari hiyo mwalimu ndiye aliyekosa fedha. Mwaka uliofuata mwalimu alimwita. Mama akaja kwa mkokoteni wa ng'ombe, mfarishi uko mapajani, umetiwa ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko umetiwa ndani ya gunia. Aliomba dola 10. Mwalimu akasema anazo 5. Mama akatoka nje kushauriana na mumewe, wakaona afadhali wachukue. Kabla ya kuuacha alieleza picha zote, moja baada ya nyingine, na mwalimu akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama tu, kama mtu anayekwenda kumsalimu mtoto aliyeolewa mbali.

Wengine wamemlaumu mwalimu kwa dola 5. Wengine wamemsifu kuwa mwokozi wa mfarishi. Mimi naona yote mawili ni kweli, na sioni haja ya kuyapatanisha. Bei ile ilikuwa bei ya njaa, na anayenunua kwa bei ya njaa ajue amenunua nini. Tena bila daftari la mwalimu yule leo tungekuwa na kitambaa cha ajabu kisichosema kitu. Tungekuwa tunabahatisha kama yule ni Kaini au mwindaji. Mzaha wake ulimzuia kuelewa, lakini haukumzuia kuandika, na kwa hilo nampa heshima. Alifariki mwaka 1946, na msimamizi wa mirathi yake ndiye aliyeutoa kwa Smithsonian mwishoni mwa miaka ya 1960. Ule wa pili ulikuwa na njia nyepesi zaidi: mwaka 1898 wake wa walimu wa Atlanta University walimpa zawadi mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa Union Theological Seminary ya New York, na mwaka 1964 ukaingia Boston. Mkuu wa chuo cha theolojia alikuwa na ufafanuzi huu nyumbani kwake! Natamani kujua alihubiri nini chini yake.

Rudi kwenye ule mfuko wa unga. Nimesoma maelekezo ya watunzaji wa vitambaa vya kale, na kinachonishangaza ni jinsi Mama Harriet alivyoyatimiza. Wanasema kitambaa cha pamba cha zamani kifunikwe kwa kitambaa safi cha pamba kinachopumua, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na ukungu huota. Mfuko wa unga uliofuliwa ni pamba. Wanasema kikingwe na mwanga, kwa sababu mwanga hufifisha rangi na kudhoofisha nyuzi, na kilichofifia hakirudi. Ndiyo sababu makumbusho hawaachi mfarishi kama huu ukutani mwaka mzima. Gunia huzuia mwanga na vumbi. Na aliupakata mapajani, hakuutupa nyuma ya mkokoteni.

Naeleza haya kwa sababu katika nyumba zetu vipo vitambaa. Havina thamani ya makumbusho na si mifarishi, ila ni kazi za mikono: kitambaa cha meza alichofuma bibi akiwa msichana wa kipaimara, mashuka yaliyotariziwa, kitambaa cha madhabahu kilichoshonwa na umoja wa wanawake wa usharika miaka 50 iliyopita, ambacho siku hizi kimekunjwa kabatini kwa kuwa tumenunua cha dukani kinachong'aa. Halafu yapo mablanketi ya viraka yenyewe. Shirika la Lutheran World Relief, lililoanzishwa mwaka 1945, kwa miaka mingi limekusanya mablanketi yaliyoshonwa na washarika wa Kilutheri wa Marekani kutokana na mabaki ya vitambaa, na mengi yamefika Tanzania, katika hospitali na kambi za wakimbizi. Yako ambayo yamelaza wagonjwa, yakabeba watoto, yakaishia kufunika gunia la mahindi. Kuna mama fulani katika usharika fulani aliyeketi na wenzake akashona kila moja.

Ukikuta kitambaa cha namna hiyo katika sanduku la bati la marehemu, jambo la kwanza ni kutokimbilia maji na sabuni. Rangi za zamani hutoka na kuingia kwenye kitambaa cha jirani, na nyuzi zilizochoka hukatika zikilowa kwa uzito wa maji. Hasa rangi ya kahawia na nyeusi za zamani. Zile zilizotiwa kwa chuma hula uzi taratibu, ndiyo maana utaona viraka vya kahawia vimeoza huku jirani yake wa bluu bado ni mzima. Kitandaze kivulini, juu ya shuka safi, kipate hewa. Tazama kama kuna mende au mayai ya wadudu kwenye mapindo, kwa sababu wanga uliotumika kunyoosha ni chakula chao. Usikiweke moja kwa moja juu ya ubao wa sanduku, kwani mbao hutoa asidi inayogeuza pamba kuwa ya njano; tandika kitambaa cheupe kwanza. Ni bora kukiviringisha kuliko kukikunja. Kama nafasi haipo na lazima ukunje, weka kitambaa laini ndani ya kunjo, na kila baada ya miezi michache ukunje kwa mstari mwingine, kwa maana pale pale panapokunjwa kila mara ndipo panapokatika.

Mtu atanikumbusha Mathayo 6:19, kwamba Bwana ametukataza kuweka hazina panapokuwa na nondo. Ni kweli, na kama mtu anatunza mfarishi wa bibi ili siku moja auuze kwa watalii, aya hiyo ni yake. Lakini nenda pia Matendo 9:39. Petro anafika Yafa, Dorkasi amelala maiti, na wajane wamesimama wakilia wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakumsimulia Petro sifa zake tu. Walishika nguo mikononi. Wajane wale walikuwa wakitunza ushuhuda, na Luka hakuona aibu kuuandika.

Lipo jambo moja ambalo makumbusho hayawezi kututendea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Smithsonian iliruhusu nakala za mifarishi yake, ukiwamo huu wa Mama Harriet, zitengenezwe China na kuuzwa. Mafundi wa mifarishi wa Marekani walipinga kwa sauti kubwa, kwa hoja za biashara na za heshima. Naelewa hoja zao, ila la kwangu ni dogo zaidi. Nakala yaweza kuwa na nyoka mwenye miguu pale pale palipo, mshono kwa mshono, na aliyeshona asijue ni kwa nini ana miguu. Mama Harriet alipolazimika kuuza hakukubali kitambaa kiondoke bila maneno yake. Ilikuwa ndiyo haki pekee iliyokuwa imebaki mkononi mwake, na aliitumia.

Luther aliandika mwaka 1520 kwamba wote waliobatizwa ni makuhani. Katika sharika zetu tunalikubali hilo, tena tunalifundisha kipaimara, kisha mama aliyeshona kitambaa cha madhabahu anakaa benchi la nyuma miaka 30 na hakuna aliyemwuliza kwa nini aliweka zabibu 7 upande wa kushoto na masuke 5 upande wa kulia. Huenda hakuna sababu. Huenda uzi wa zambarau ulikwisha. Huenda pia amekuwa akihubiri Jumapili zote hizo mbele ya migongo yetu sisi wachungaji, tunapogeukia madhabahu na kutazama juu yake.

Kaburi la Mama Harriet lilipotea kwa miaka mingi. Jiwe lake lilipatikana mwaka 2005 katika makaburi ya Gospel Pilgrim, mji wa Athens, na kutokana nalo ikajulikana kwamba alifariki tarehe 1 Januari 1910. Vitabu vya awali viliandika mwaka mwingine. Watu walijua kila mshono wa mkono wake kabla ya kujua alipolala.

Kwa hiyo kama mshonaji wenu yu hai, mpelekeeni kitambaa chenyewe, si picha yake kwenye simu. Mketisheni penye mwanga. Mmoja wenu awe na daftari. Atasema si kitu, ni kitambaa tu. Wazee wetu ndivyo wanavyosema. Muulizeni kitu chepesi kwanza, kwamba mama, kiraka hiki cha bluu kilitoka kwenye nguo ya nani. Andikeni jina lake na mwaka kwa penseli kwenye utepe mweupe wa pamba, na utepe huo ushonwe kwa mishono mirefu, isiyovuta, kwenye pindo la nyuma.